Rezista za kuweka ndani: zipi, na ngapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Uyole, Mbeya. Nimeanza kujifunza elektroniki kwa Arduino (ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), na sasa natengeneza kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga pamoja na kipima betri ya sola. Kila nikikaa kufanya kazi nakuta kuna rezista moja sina. Kwa mafundi redio wa Mwanjelwa napata mbili tatu, nyingine naagiza Kariakoo, na nauli ya kifurushi kwenye basi inazidi bei ya mzigo wenyewe. Nimeona pakiti ya aina 30, vipande 600. Nikinunua hiyo nitakuwa nimemaliza? Na nichukue za kaboni au za metali?

JIBU: Inunue ndugu yangu, ila hutakuwa umemaliza. Vipande 600 kwa aina 30 ni vipande 20 kwa kila aina, na matumizi ya mezani hayagawanyiki sawasawa namna hiyo. Kidhibiti chako cha vifaranga peke yake, chenye vitufe vitatu, sensa mbili na transista mbili, kitakula 10K saba au nane. Mradi wa pili na wa tatu, kifuko cha 10K kimekwisha, huku zile 510R na 680K ziko vilevile ishirini, na mwakani utazikuta ishirini. Pakiti hiyo ni nzuri kama akiba ya thamani usizozitumia kila siku. Juu yake ongeza wingi wa thamani chache zinazokwisha haraka.

(Rezista ni kipande kinachobana mkondo wa umeme, na omu ndicho kipimo cha ubanaji huo. Nitaandika kama wauzaji wanavyoandika: 330R ni omu 330, 10K ni omu 10,000, 1M ni omu milioni moja.)

Za kununua mia mia ni tatu: 330R, 1K na 10K. Ile 330R ndiyo ya taa za LED kwenye volti 5. LED nyekundu inachukua volti 2 hivi, zinabaki 3, gawa kwa 330 unapata miliampea 9. Mwanga unatosha na pini ya Arduino haiumii. 1K inakaa kati ya pini na besi ya transista, yaani mguu unaoiamrisha iwake, na utaikuta tena kwenye LED za betri ya volti 12. 10K iko kila mahali: inashikilia pini ya kitufe isielee (isiyumbe kati ya kuwaka na kuzima), inakaa pamoja na sensa ya mwanga, pamoja na sensa ya joto, na kati ya geti la mosfeti (transista ya kuwashia mizigo mikubwa; geti ni mguu wake wa kuamrisha) na hasi ili mosfeti isijiwashe yenyewe Arduino inapoanza. Ukiwa na fedha ya mfuko mmoja tu, nunua 10K.

Za hamsini hamsini: 100R, 220R, 470R, 2.2K, 4.7K, 22K, 47K na 100K. Katika hizi, 4.7K ndiyo itakayokwisha mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu sensa ya joto ya DS18B20 inaihitaji kwenye waya wake wa data, na vifaa vinavyozungumza kwa I2C (mawasiliano ya waya mbili) vinataka mbili. 2.2K utaitaka siku utakapounganisha maikrofoni ndogo, na 100R au 220R inakaa mbele ya geti la mosfeti.

Zilizobaki, ishirini ishirini zinatosha: 10R, 22R, 47R, 150R, 680R, 1.5K, 3.3K, 6.8K, 15K, 33K, 68K, 220K, 470K na 1M. Jumla aina 25, vipande 980. Nyingi kati ya hizi za mwisho zimo kwenye ile pakiti yako, kwa hiyo ukiwa nayo unaagiza zile za mia na za hamsini, pamoja na chache zisizomo. Angalia orodha iliyobandikwa kwenye pakiti kabla ya kulipa. Nyingi zina 2K na 2.2K kwa pamoja, 4.7K na 5.1K kwa pamoja, halafu 22K haimo kabisa.

Utauliza mbona namba zenyewe ni za ajabu, 22, 47, 68, badala ya 20, 50, 70. Mfululizo wa kawaida una thamani 12: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha unarudia kwa mara kumi. Kila thamani inaizidi ya nyuma yake kwa karibu asilimia 20, ili rezista yenye kosa la asilimia 10 kwenda juu ikutane na jirani yake aliyekosea asilimia 10 kwenda chini, pasibaki pengo. Orodha niliyokupa imeshika nusu tu ya hizo: 10, 15, 22, 33, 47, 68. Nusu nyingine unaitengeneza mwenyewe kwa kufunga mbili mfuatano, moja nyuma ya nyingine. Ukitaka 5.6K, chukua 4.7K na 1K, unapata 5.7K. 8.2K ni 6.8K na 1.5K. 27K ni 22K na 4.7K, inatoka 26.7K. 12K ni 10K na 2.2K. Zote ziko ndani ya asilimia 2 ya unachotaka, na kwa LED, transista au kitufe hakuna atakayejua tofauti. Mbili za thamani moja zikifungwa sambamba (ubavu kwa ubavu, miguu ikigusana pande zote mbili) zinatoa nusu: 10K mbili ni 5K, na zinabeba joto mara mbili ya moja.

Sasa kaboni au metali. Kwa kazi zako mbili, metali, asilimia 1, robo wati, na sababu yake uione kwenye mayai.

Sensa ya joto inayotumika sana kwenye mashine hizo ni thamista ya 10K, yaani rezista inayobadilika omu kwa joto. Kwenye nyuzi 25 inasoma omu 10,000. Kwenye nyuzi 37.5, joto la mashine yenye feni, ile ya kawaida yenye beta 3950 (namba ya muuzaji inayoonyesha omu zinavyoshuka joto likipanda) inashuka hadi omu 5,870 hivi. Hapo katikati, kila nyuzi moja inabadilisha omu kwa takriban asilimia 4. Arduino haioni omu. Inaona uwiano kati ya thamista na ile 10K uliyoifunga nayo, kisha programu inakokotoa ikiamini kwamba 10K yako ni 10,000 kamili. Ukiwa umeweka ya kaboni yenye kosa la asilimia 5 na kwa bahati mbaya ni 9,500, programu itasoma thamista kuwa kubwa kuliko ilivyo kwa zaidi ya asilimia 5, itaona ubaridi usiokuwepo, na itaendelea kuwasha taa ya kupasha joto. Kioo kinaandika 37.5, mayai yako kwenye karibu 38.8. Siku 21 katika joto hilo zinatosha kukuletea vifaranga vilivyoangua kabla ya wakati, dhaifu, na vingine vimekufa ndani ya ganda. Utalaumu jogoo.

Kwa ile ya asilimia 1, kosa hilohilo linakuwa robo ya nyuzi. Hata hivyo usiishie hapo. Kabla ya kuifunga, ipime kwa mita, na kama inasoma 9,970, andika 9970 kwenye programu badala ya 10000. Thamista nayo ina kosa lake, kwa hiyo mwisho wa yote linganisha na kipimajoto unachokiamini kabla yai halijaingia.

Kipima betri kina ugonjwa huohuo. Kwa Arduino ya volti 5, kigawanya volti (rezista mbili mfuatano, pini ikisoma katikati yake) kizuri ni 22K juu, upande wa betri, na 10K chini, upande wa hasi: betri ikifika volti 14.4 wakati wa kuchaji, pini inapata 4.5. Ukitumia za asilimia 5 na zikakosea kwa pande zinazopingana, usomaji unaweza kupotoka kwa asilimia 7. Betri ya volti 12.0, ambayo kwa betri ya risasi na asidi ni kama imebaki robo, itasomeka 12.8, yaani imejaa. Kwa bodi za volti 3.3 kama ESP32, badilisha ya juu iwe 47K.

Kaboni zenye mwili wa rangi ya chai ya maziwa hazina ubaya kwa LED na vitufe. Fundi akikupa kwa bei ya chini chukua. Ila usichanganye kwenye kifuko kimoja na za metali.

Wati. Robo wati ndiyo ya kuweka akiba, maana miguu yake inaingia vizuri kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kujaribia saketi bila kulehemu. Za wati 1 zina miguu minene, ukizisukuma humo zinapanua vishikizo na shimo linabaki legevu milele. Kanuni ya kazi: usiipe rezista zaidi ya nusu ya wati zake, kwa sababu ile robo imehesabiwa ikiwa kwenye hewa wazi, wakati wewe utaifungia kwenye boksi la plastiki. Mfano unaowakuta wengi huku kwenye sola ni LED kwenye betri ya volti 12. Mtu anaweka 470R, usiku inawaka vizuri. Mchana jua likichaji betri inafika 14.4. Toa 2 za LED, zinabaki 12.4 kwenye rezista, mkondo ni miliampea 26, na joto ni wati 0.33. Rezista ya robo wati hapo inageuka rangi, inanuka, na baada ya wiki kadhaa inakatika au inabadilika thamani. Weka 1K, joto linashuka hadi wati 0.15, na hizo ni saa za kuchaji tu. Weka 1.5K ikiwa taa itakaa inawaka mwaka mzima.

Pembeni weka za saruji, zile nyeupe za mstatili, wati 10, thamani 10R, vipande vinne. Ni za kujaribia chaja na betri. Usiweke moja peke yake kwenye volti 12, kwa kuwa itapata wati 14.4. Funga mbili mfuatano, kila moja inapata 3.6. Hata hapo zinaunguza kidole, ziweke juu ya kipande cha tailizi, siyo kwenye meza ya mbao.

Umeme wa nyumbani ni habari nyingine. Rezista ya robo wati kwa kawaida imewekewa kikomo cha volti 250, na kilele cha umeme wa volti 230 ni 325. Kwa hiyo hata kama hesabu ya wati inakuruhusu, moja haitoshi. Wenye ujuzi hufunga mbili mfuatano. Kwa sasa baki kwenye betri na chaja.

Kusoma rangi. Nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Za kaboni zina mistari minne, mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu ni idadi ya sifuri, ya nne dhahabu ndiyo asilimia 5. Za metali zina mitano, tarakimu tatu kisha sifuri, na kahawia ya mwisho ni asilimia 1. Shida inaanzia hapo, kwa sababu 10K nayo inaanza na kahawia. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni 10K. Igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, nayo ni 120R, thamani halali kabisa. 1K ukiigeuza inasomeka 110R, 100K inasomeka 130R. Mstari wa mwisho unatakiwa uwe mbali kidogo na wenzake, lakini kwenye zile za bei rahisi mistari imepangwa kama vidole, huoni mbali wala karibu. Ongeza mwili wa buluu unaopotosha rangi, ongeza balbu ya njano, kahawia na nyekundu na chungwa vinakuwa kitu kimoja. Ukiweka 120R pahali pa 10K kwenye kitufe, kila ukibonyeza unavuta miliampea 42 badala ya nusu miliampea, na betri ndogo inaisha usijue imeliwa na nini. Kwa hiyo rangi zitumie kutafuta, mita itumie kuamua. Kila rezista inayoingia kwenye saketi ipimwe, inachukua sekunde tano.

Na ipime ikiwa nje. Ikiwa imelehemiwa kwenye bodi, mita inapima pia njia nyingine zote zilizo sambamba nayo, na mara nyingi inaonyesha kidogo kuliko ukweli. Usishike miguu yote miwili kwa vidole unapopima za juu: mwili wako unaingia sambamba, na 1M inasomeka 700K au chini, hasa mkono ukiwa na jasho. Kwa zile ndogo kama 10R, gusanisha kwanza ncha za mita, zikionyesha 0.4, toa 0.4 kwenye kila usomaji. Mita ya bei ya kawaida yenyewe inakosea karibu asilimia 1, hivyo 10K ikisoma 10.08 usiirudishe dukani.

Kuhusu kuagiza Kariakoo: makosa mengi hayatoki kwa muuzaji, yanatoka kwenye nukta. 4.7K iliyoandikwa kwenye simu na kusomwa haraka inakuwa 47K, na mzigo ukifika Mbeya hakuna anayelipia kuurudisha. Andika herufi mahali pa nukta: 4K7, 2K2, 1K5, 6K8. Ni uandishi unaotambulika na wauzaji wengi wa vifaa hivi. Kila mstari wa oda uwe na mambo manne: thamani, wati, asilimia, idadi. "4K7, robo wati, 1%, metali, 50." Wengine hawafungui mia, watakwambia mia au basi. Hapo tafuta mwenzako, wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) hawakosekani wenye shida kama yako, mgawane nusu kwa nusu pamoja na nauli. Na usiagize rezista peke yake. Kifurushi kinachobeba rezista kinabeba pia transista, kapasita na pini kwa nauli ileile.

Mzigo ukifika pima tano kutoka kila kifuko kabla hujazichanganya na za zamani. Kosa la kufunga thamani moja kwenye kifuko cha nyingine hutokea. Angalia na miguu. Pakiti za bei ya chini sana huwa na miguu myembamba kama waya wa fagio la chelewa, inajikunja kabla ya kuingia kwenye bredibodi na ikiingia haishiki sawasawa. Za namna hiyo zitumie kwa kulehemu tu.

Rezista mpya huja zimebandikwa kwenye utepe wa karatasi pande mbili. Usizivute. Ukivuta, gundi inabaki kwenye ncha za miguu, inaingia kwenye tundu la bredibodi, na baada ya miezi una tundu linalogusa leo na kesho haligusi. Kata kwa mkasi milimita mbili kabla ya utepe. Zile usizozihitaji ziache kwenye utepe wake, hazichanganyiki.

Kwa kuhifadhi, vifuko vidogo vya zipu vya duka la dawa vinatosha kabisa. Thamani iandike kwenye kikaratasi uingize ndani. Ukiandika kwa kalamu juu ya plastiki inafutika kwa jasho la mkono, na ndipo unapobaki na vifuko kumi visivyo na jina. Vipange vimesimama kwenye kopo au boksi la viatu, kuanzia omu ndogo kwenda kubwa. Weka ndani vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Uyole hali si mbaya, lakini ukipeleka vifaa Tukuyu, kwenye mvua na ukungu wa muda mrefu, miguu inapauka na risasi ya kulehemu inakataa kushika, inajiviringa kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Ikifika hapo paka flaksi (dawa ya kusafisha mguu ili risasi ishike), au pitisha wembe kwenye mguu mara mbili kabla ya kulehemu.

Mabodi mabovu ya redio na TV za chogo yasikutie tamaa sana kwa upande wa rezista. Miguu yake imeshakatwa mifupi, haifiki kwenye bredibodi, na zilizokaa karibu na sehemu za joto huwa zimeshahama thamani. Kinachofaa kutoa humo ni za wati kubwa. Kabla hujagusa bodi ya TV, hata iliyokaa muda bila umeme, shusha kwanza chaji ya kapasita kubwa ya upande wa umeme, maana inaweza kuwa na volti zaidi ya 300: shika rezista ya 4.7K wati 5 kwa koleo lenye mpira, gusisha miguu ya kapasita kwa sekunde kumi, kisha pima kwa mita uhakikishe. Na ukikuta rezista ya omu chini ya moja karibu na fyuzi, mara nyingi hiyo imewekwa makusudi ikatike salama bila kuwaka moto. Usiirithishe kazi nyingine wala usiweke ya kawaida mahali pake.

Kitu kimoja cha kuongeza kwenye oda yako ijayo ni rezista za kuzungusha, zile mafundi wanazoziita volyumu, 10K tatu na 100K mbili. Usipojua thamani inayofaa, tuseme mwanga wa kioo cha kidhibiti chako, funga volyumu, zungusha mpaka ikupendeze, itoe, ipime, kisha weka rezista ya kudumu iliyo karibu na hapo. Mbele yake funga 220R mfuatano, la sivyo ukizungusha hadi mwisho omu zinafika sifuri na LED inaungua.

Kifuko cha 10K au 1K kikibaki na vipande 30, kiandike kwenye orodha ya oda palepale, usingoje kimalizike.